Nairobi hadi New York: namna ya kupiga hesabu ya umbali na saa za safari kabla hujampandisha mzee ndege

Mama alipopata viza ya kwenda Marekani kumwona dada na mjukuu wake, swali lake la kwanza lilikuwa: "Nitakaa angani saa ngapi?" Kaka akaichukua tiketi, akasoma: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Akahesabu kwa vidole. "Saa saba tu, mama." Mama akafurahi. Saa saba ni basi la Dar kwenda Dodoma, na hilo kalipanda mara nyingi.

Ilibidi nimwambie ukweli: saa kumi na tano. Na hizo ni za angani peke yake.

Kosa la kaka hulifanya watu wengi, wasomi kwa wasiosoma. "Saa ngapi" kwa Kiswahili hubeba maswali mawili: nitafika saa ngapi, na nitachukua muda wa saa ngapi. Tiketi hujibu la kwanza tu. La pili unalitafuta mwenyewe, na halihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Nimewapigia ndugu na majirani hesabu hii mara nyingi, kwa hiyo naiandika hapa hatua kwa hatua. Mfano ni safari ya mama: Dar es Salaam, Nairobi, New York. Saa za ndege nilizotumia ni za mfano. Wewe weka zilizoandikwa kwenye tiketi yako.

Hatua ya kwanza: pata umbali wa kweli

Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni duara, na ramani iliyonyooshwa hudanganya, hasa kadiri unavyopanda kaskazini. Kama kuna tufe la shule karibu, chukua uzi, ushike ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uvute mpaka ukaze. Pale uzi ulipolala ndipo njia fupi ilipo. Utauona ukipita kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco, halafu unaingia Bahari ya Atlantiki. Watu wengi hudhani ndege hukata moja kwa moja kuelekea magharibi juu ya Kongo. Sivyo, inapotoka Nairobi huelekea kaskazini-magharibi.

Kwa namba kamili, tumia tovuti yoyote ya kupima umbali wa viwanja vya ndege, na uandike herufi tatu za kiwanja badala ya jina la mji: NBO ni Jomo Kenyatta, DAR ni Julius Nyerere, JFK ni John F. Kennedy. New York ina viwanja zaidi ya kimoja, na ukiandika jina la mji tu unaweza kupewa kingine. Mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne amkumbushe ile mada ya dunia kama tufe: pembe kati ya viwanja hivi viwili, ukiipima kutoka kitovu cha dunia, ni digrii 106.45, na kila digrii moja ni kilomita 111.2. Zidisha, utapata kilomita 11,837. Mimi huandika 11,840 na kuendelea.

Angalia pia kipimo chenyewe. Maili ya barabarani ni kilomita 1.609, lakini marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Umbali huohuo utaukuta sehemu moja umeandikwa maili 7,360 na kwingine 6,390, na zote ni sahihi.

Ukishapata namba, ichukulie kuwa ni umbali wa chini kabisa. Ndege hufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu ya radi, na wakati mwingine hukwepa nchi nzima. Agosti 2023, baada ya mapinduzi, Niger ilifunga anga lake kwa takriban mwezi mzima, na uzi wetu unapita juu ya Niger. Anga la Sudan nalo lilifungwa vita vilipoanza Aprili mwaka huohuo. Kila mzunguko wa namna hiyo unakula mafuta na dakika.

Hatua ya pili: geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za masafa marefu zinapokuwa zimetulia juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini haziendi kasi hiyo tangu zinapotoka getini. Kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kuna kupanda, kuna kushuka taratibu, na kuna kusubiri zamu ya kutua. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: gawa umbali kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Nairobi hadi New York: 11,840 gawa kwa 850 ni karibu saa 13 na dakika 55. Ongeza nusu saa: saa 14 na dakika 25. Sasa ijaribu kwa safari fupi uone kama inashika. Dar hadi Nairobi ni kilomita 667. Gawa kwa 850, unapata dakika 47. Ongeza 30, inakuwa saa 1 na dakika 17. Aliyewahi kuruka njia hiyo atakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Bado kuna upepo. Juu kule ndege zinakopita, hasa upande wa kaskazini mwa dunia, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani hukutana nao usoni, anayerudi husukumwa nao mgongoni. Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787 Dreamliner, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Kanuni yangu imeangukia katikati ya hizo mbili. Basi ongeza nusu saa ukielekea magharibi, punguza kidogo ukirudi mashariki. Kilomita ni zilezile, lakini muda wa kurudi ni mfupi.

Hatua ya tatu: soma tiketi kwa saa moja tu

Hapa ndipo kaka alipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni ya mji unaoondoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofika. Kutoa moja kutoka kwa nyingine ni sawa na kutoa shilingi kutoka kwenye dola bila kubadilisha kwanza. Geuza zote ziwe saa za mji mmoja. Mimi huchagua saa za nyumbani, kwa sababu ndizo mwili wa msafiri unazozijua, na ndizo zilizo kwenye simu za wanaobaki.

Sisi Afrika Mashariki hatubadilishi saa mwaka mzima. New York wanabadilisha: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wako nyuma yetu kwa saa 7. Miezi mingine yote wako nyuma kwa saa 8. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuangalia tarehe ya safari.

Mama alisafiri Januari, tofauti ikiwa saa 8. Alifika saa 06:25 za New York. Ongeza 8: ni 14:25 za nyumbani. Aliondoka 23:25 usiku uliotangulia. Toka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15 kamili. Basi, hesabu imekwisha.

Kurudi fanya hivyohivyo. Tuseme anaondoka New York 12:25 na kutua Nairobi 10:55 siku inayofuata. Ukihesabu juujuu utapata saa 22 na nusu na kumtisha mzee bure. Geuza 12:25 iwe saa za nyumbani: 20:25. Kutoka hapo hadi 10:55 ni saa 14 na nusu.

Ukiona jibu lako limepishana na hatua ya pili kwa zaidi ya saa moja hivi, rudi uangalie. Ama umekosea tofauti ya saa, ama ndege inatua mahali njiani na hukuliona hilo kwenye tiketi.

Hatua ya nne: saa ya Kiswahili, na usiku wa kuamkia

Tiketi imeandikwa kwa saa 24, na mama anasoma saa kama sisi sote: saa moja ni jua likishachomoza. Kugeuza, toa sita. Ikibaki saa kumi na tatu au zaidi, toa kumi na mbili tena. 23:25 ukitoa 6 ni 17:25, ukitoa 12 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Ikiwa namba ni ndogo kuliko saba, ongeza sita: 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi.

Hilo ni jepesi. Lenye hatari ni tarehe.

Mama mdogo wangu aliwahi kukatiwa tiketi ya kuondoka Alhamisi, 00:45. Nyumbani tukasema, "Safari ni Alhamisi usiku, saa sita na dakika arobaini na tano." Alhamisi jioni tukapika, majirani wakaja kumuaga, watoto wakalia, tukafika uwanjani saa tatu usiku na masanduku mawili. Binti wa kaunta akaitazama karatasi, akaitazama tena, akasema kwa upole, "Mama, ndege hii imeondoka jana usiku." Alhamisi ya tiketi ilianza saa sita usiku, sisi tukiwa bado tunaita Jumatano. Mama mdogo aliketi juu ya sanduku lake, hakusema neno. Nauli ya kubadilisha tiketi ilichangwa na ukoo mzima.

Tangu siku ile, kila ndege inayoondoka kati ya 00:00 na 05:59 siisemi kwa jina la siku pekee. Nasema "usiku wa kuamkia Alhamisi", kama wanavyosoma kwenye taarifa ya habari, na pembeni naandika: *tunatoka nyumbani Jumatano jioni*. Usiache hili. Makosa mengine yote ya hesabu hii yatakuchosha tu, hili litakukosesha ndege.

Hatua ya tano: hesabu mlango hadi mlango

Saa 15 ni za ndege kubwa. Msafiri haishi uwanjani. Hii hapa safari ya mama yote, kwa saa za nyumbani.

Saa saba na nusu mchana, Jumatatu, tulitoka Tabata. Uwanja si mbali, lakini foleni ya barabara ya Nyerere haina adabu, kwa hiyo nilitenga saa nzima. Saa nane na nusu tuko uwanjani, saa tatu kabla ya ndege. Saa kumi na moja na nusu jioni akaruka kwenda Nairobi, akatua saa moja kasoro dakika kumi. Akasubiri saa nne na nusu na ushee. Saa tano na dakika ishirini na tano usiku ndege kubwa ikaondoka. Ikatua Jumanne saa nane na dakika ishirini na tano mchana wetu. Uhamiaji, alama za vidole, kusubiri mizigo, forodha: nilitenga saa mbili. Barabarani hadi kwa dada, saa moja. Alivuka kizingiti cha dada saa kumi na moja na nusu jioni yetu, kwao ikiwa saa tatu na nusu asubuhi.

Toka saa saba na nusu Jumatatu hadi saa kumi na moja na nusu Jumanne ni saa 28. Angani ni 16 na dakika 20 tu. Zilizobaki, karibu saa 12, ni za foleni, benchi na mistari ya kusubiri. Mtu akikuuliza safari ya Marekani ni ndefu kiasi gani, mpe namba hii ya 28. Ndiyo itakayomwambia abebe nini na avae nini.

Kama msafiri hamalizii New York, anaendelea labda Columbus au Minneapolis, kumbuka kwamba Marekani mizigo huchukuliwa kwenye kiwanja cha kwanza unachotua, hata kama ilikatiwa hadi mwisho. Atavuka nayo forodha kisha ataikabidhi upya. Usikubali ndege ya kuunganisha iliyo chini ya saa tatu. Na kama Dar–Nairobi ni tiketi yake na Nairobi–New York ni tiketi nyingine, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haina wajibu wa kumsubiri. Lipa zaidi kidogo upate tiketi moja.

Kuchagua njia

Dar hadi New York kwa mstari mmoja ni kilomita 12,440, ila hakuna ndege ya moja kwa moja. Kupitia Nairobi jumla ni kama 12,500, yaani huongezi kitu. Kupitia Amsterdam ni karibu 13,200. Kupitia Doha ni karibu 14,590, kwa sababu unakwenda kwanza kaskazini-mashariki kilomita 3,820 kisha unageuka kufuata njia ya 10,770. Hizo kilomita 2,000 na zaidi za Doha ni kama saa mbili na nusu za angani.

Hata hivyo sisemi Doha ni vibaya. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, saa sita kisha mapumziko kisha saa kumi na nne zinaweza kuwa ngumu kuliko kipande kimoja kirefu anachokilala. Kwa Amsterdam vipande viwili hukaribiana zaidi, na kuna wanaolipenda hilo. Kijana mwenye mkoba mmoja aangalie bei. Kwa mama niliangalia jambo moja: abadilishe ndege mara moja tu, mahali ambapo akipotea atauliza kwa Kiswahili na kujibiwa. Hilo kwangu lilikuwa na thamani kuliko tofauti ya nauli.

Mwili wakati wa safari

Ndege ya usiku kwenda magharibi hukimbia mbele ya alfajiri. Januari jua huzama Nairobi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na New York halichomozi hadi saa moja na robo asubuhi yao, ambayo ni saa tisa na robo alasiri yetu. Msafiri hukaa gizani zaidi ya saa ishirini mfululizo. Atakula gizani, ataamka gizani, na kama hakuambiwa mapema atadhani saa yake imekufa.

Hapo ndipo penye hatari ya dawa. Mama humeza kidonge cha presha kila siku saa moja asubuhi. Nilimwambia saa yake ya mkononi asiiguse, iendelee kusoma saa za Dar mpaka afike kwa dada. Ikigonga saa moja, hata kama ndege nzima inakoroma, ameze. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye sanduku. Anayechoma insulini asitumie ushauri wangu. Amwone daktari wake wiki mbili kabla, akiwa na ratiba hii mkononi, apangiwe.

Na miguu: asimame na kutembea kwenye ujia kila baada ya saa mbili akiwa macho, anywe maji. Kukaa bila kusogea saa kumi na tano huvimbisha miguu na kunaweza kugandisha damu.

Kadi ya mfukoni

Mwisho niliandika haya yote kwenye kipande cha kadi ngumu, kwa herufi kubwa, nikakitoboa na kukifunga kwa uzi kwenye mkoba wake:

*Jumatatu. Saa 11:30 jioni, ndege ya Nairobi.*
*Jumatatu. Saa 5:25 usiku, ndege ya New York.*
*Jumanne. Saa 1:00 asubuhi, DAWA.*
*Jumanne. Saa 8:25 mchana, unatua. Kwao ni saa 12:25 asubuhi. Usishangae giza.*
*Jumanne. Saa 10:30 jioni, unatoka nje. Dada amevaa kilemba chekundu.*

Nakala ya kadi hiyo niliituma kwa dada, saa zote zikiwa zimegeuzwa kuwa za kwao, na nyingine nikaibandika kwenye friji hapa nyumbani ili asiwepo wa kuanza kupiga simu tangu asubuhi na kuingiwa hofu haipokelewi. Jumanne saa kumi na dakika hamsini jioni simu yangu ikaita. Ilikuwa picha: mama ameshika kadi, uzi bado umefungwa, nyuma yake kilemba chekundu.